Mama mkwe ameingia kwenye wimbo wangu na sasa hatoki

Bi Nasima,

Pokea salamu kutoka hapa Salama. Nimekuwa nikikusoma kila Jumamosi, na nisikudanganye, mara nyingi nilikuwa nawacheka wenye shida, sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitapanga foleni pamoja nao, lakini naomba unisaidie, kwa sababu kile kitu nilichokitafuta maisha yangu yote nimekipata, na kimekuja na mama mkwe ndani yake.

Mimi naitwa Kitheka, mzaliwa wa Kanyangi kule Kitui, nina kibanda cha kutengeneza simu hapa kando ya barabara kubwa, na tangu shule ya msingi roho yangu iko kwa muziki. Studio za watu sijawahi kuingia, nikisikia wanavyoringa naona heri nijirekodie mwenyewe, kwa hivyo mwaka jana nilitoa magunia kwenye stoo ya nyumba tunayokodi, nikabandika trei za mayai ukutani, nikatundika blanketi mlangoni, maikrofoni nikaivalisha soksi ya mke wangu Muthoki ili isishike pumzi (ilikuwa imefuliwa), na simu yangu ya zamani ikawa ndiyo mashine. Usicheke, Bi Nasima, ile stoo ina sauti nzuri kuliko kanisa letu. Shida ni jirani mwenye mashine ya kusaga unga, ambayo hunguruma kutwa nzima na kunyamaza saa ya chakula cha mchana tu, na usiku siwezi kuimba kwa sababu ya mtoto, kwa hivyo muda wangu wa kurekodi ni pale mwenye mashine anapoenda kula.

Huyo mtoto ni wa kiume, kifungua mimba wetu, sasa ana miezi sita, nikampa jina la baba yangu, Kivuva, kama inavyotakiwa, na mama mkwe akatoka Mutomo kuja kumsaidia Muthoki. Ni mama wa kanisa, mtu wa watu, lakini ana mambo yake. Muda wote aliokuwa hapa hakukanyaga ndani ya nyumba yangu. Alilala kwa binti wa dada yake ng'ambo ya barabara, asubuhi anakuja, anaketi nje kwenye kigoda chake, chakula chetu hali, amebeba uji wake kwenye chupa ya chai. Nikamuuliza Muthoki, "Kwani mama yako hapendi hii nyumba?" Akaniambia, "Unajua vizuri." Mimi nikaona ni mambo ya hewa, maana Mutomo kuna uwanja mpaka macho yachoke na hapa tumebanana. Na tena umri umeanza kumsumbua kidogo, kwa sababu alikuwa akimwita mtoto Nzau, ambalo ni jina la mumewe, yaani baba mkwe wangu, na mimi sikumkosoa kwa sababu ya heshima.

Hiyo heshima wewe unaijua, umekaa Kitui. Sisi Wakamba tunaiita nthoni. Mkwe na mama mkwe hawaketi wakapiga soga, jina lake silitaji, nikimwona njiani nahama njia, na yeye akiwa na neno kwangu atamwambia mtoto au kuku ili mimi nisikie, ingawa huyu wangu hajawahi kunitumia neno lolote kwa njia hiyo, tunaishi kwa amani kabisa.

Sasa kivuli cha mchana nyumbani kwangu kinaangukia wapi? Chini ya dirisha la stoo. Mimi niko ndani na fulana ya ndani, gitaa mapajani, jasho linatoka, mashine ya jirani imenyamaza, nimebonyeza kurekodi, na wimbo wenyewe nimemtungia Muthoki kwa mapenzi yangu yote. Nikaimba, Muthoki nitakuletea nyota, nitakuletea mwezi. Na pale pale nje, kwa sauti ya chini ya kubembeleza mtoto, nikasikia, "Na mbuzi?" Nikafikiri nimesikia vibaya, nikaendelea, nitakujengea ghorofa uione bahari ukiwa Salama. "Nzau, muulize, na mbuzi?" Bi Nasima, mtu mwingine angetoka akasema mama tafadhali nina kazi hapa, lakini mimi ningetokaje? Nisimame mbele ya mama mkwe na fulana ya ndani na hedifoni kichwani nimwambie anyamaze? Heri ardhi inimeze. Kwa hivyo niliimba mpaka mwisho nikiwa nimefumba macho, na kila nikiahidi kitu yeye anauliza mbuzi, na pale mwishoni nilipoacha nafasi ya gitaa akaongeza, "Aiya, lala Nzau. Baba yako bado anatafuta nyota."

Jioni nilijaribu kumtoa. Ile programu ina sehemu ya kuondoa kelele za nyuma, nikaibonyeza, ikaniondoa mimi na kumwacha yeye. Nikakasirika, nikauweka wimbo ulivyo kwenye status yangu ya WhatsApp ili angalau Mulei, rafiki yangu wa kibanda cha jirani, asikie gitaa, nikalala.

Nilipoamka nilikuwa maarufu. Watu walikuwa wanatumiana ule wimbo kutoka Salama mpaka Mwingi. Madereva wa malori wakishuka hapa kununua maji wananiita, "Kitheka, na mbuzi?" Pasta wetu alisimama akaahidi kwamba kanisa litapata paa jipya mwaka huu, na mtu akapaza sauti kutoka viti vya nyuma, "Na mbuzi?", na waumini wakacheka mpaka ikabidi tuimbe pambio ya kuwatuliza. Redio moja ya huku kwetu ikanipigia, tuko hewani, mtangazaji akaniuliza, "Kitheka wa Salama, manze hii ngoma ni noma! Na huyo mathe wa kuitikia umemtoa wapi?" Hapo ndipo niliteleza, Bi Nasima, kwa sababu ningesema ni mama mkwe ingeonekana nimemkosea heshima, kwa hivyo nikasema ni msanii chipukizi ambaye nimemlea mwenyewe. Nikaja kuambiwa kwamba ile redio inashika hadi Mutomo.

Muthoki wakati huo alikuwa ameshaenda huko na mtoto kumsaidia mama yake kuvuna ndengu. Ndengu zilivunwa, nasikia hata zimeshauzwa, na bado wako huko. Nikipiga simu anasema, "Tuko sawa," halafu anakata. Kwa upande mmoja imekuwa baraka kwa sababu nyumba imetulia na nimerekodi nyimbo zingine nne, lakini hazina kitu, watu wanazisikiliza wakingoja ile sauti, wakiikosa wanazima. Mulei alijaribu kuiigiza kwa kubana pua na watu wakatutukana.

Na usije ukafikiri mimi ni mtu asiyejua wajibu wake. Mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao mwanamume hupeleka kwa wazazi wa msichana ili ndoa ihesabike kuwa ndoa, wapo kwa baba yangu Kanyangi, ameshawatenga kando, kila akinipigia ananiambia, "Kitheka, si tupange siku twende?" na mimi namwambia baba ngoja nimalize albamu, kwa sababu mtu akienda huko akiwa tayari na jina, hupokelewa tofauti.

Sasa kuna mwandalizi wa sherehe kule mjini Wote ananitaka jukwaani mwezi wa Desemba, watu wengi, vyombo vya kweli, jambo ambalo nimeliota tangu nikiwa mdogo, lakini kwa sharti moja, nije na yule mama. Swali langu ni hili. Nitamwombaje mama mkwe apande jukwaani pamoja nami bila kuvunja nthoni? Nimefikiria tutengeneze dirisha la mbao, mimi niimbe upande huu na yeye aketi upande ule na kigoda chake, hatutaonana. Na je, nimtume nani kumwambia? Muthoki nilimgusia, simu ikakatika, nadhani ni mtandao wa Mutomo.

Nisaidie haraka maana mwandalizi anataka jibu.

Kitheka, msanii, Salama.

*

Kitheka,

Mtandao wa Mutomo hauna kosa lolote.

Wimbo wako nimeusikia, nisingeweza kuukwepa. Mpwa wangu Fahad ameufanya mlio wa simu yake, na juzi nilipomwahidi mjukuu wangu baiskeli akifanya vizuri mtihani, aliniangalia juu mpaka chini akaniuliza, na mbuzi? Kwa hivyo nikupe haki yako kwanza. Sauti unayo. Gitaa lako ni safi kwa mtu aliyejifunza peke yake kati ya chaja mbovu. Na katika barua ndefu namna ile hukuandika jina la mama mkwe wako hata mara moja, na hiyo ni heshima ambayo vijana wengi wa siku hizi hawana. Hapo ndipo sifa zako zinapokwisha, kaa vizuri.

Unaniandikia kwamba mama mkwe akiwa na neno kwako humwambia mtoto ili wewe usikie. Hujamaliza hata sentensi unaniambia huyu wako hajawahi kukutumia neno. Ndugu yangu! Amekutumia. Umelirekodi, umelipigia gitaa, umelipeleka redioni, kaunti mbili zimelisikia na kulielewa na kulicheza. Aliyebaki bila kulielewa ni wewe na soksi yako.

Mimi si Mkamba. Babu yangu alikuja Kitui kutoka Pwani akiuza vitambaa, na sisi tukabaki. Lakini nimezaliwa hapa, nimepika na akina mama wa Kikamba kwenye arusi na misiba yao, na ninajua mama wa namna hiyo anafanya nini anapoketi nje na uji wake. Hatafuti hewa, Kitheka. Kwake yeye hapo hakuna nyumba ya mkwe ya kuingia. Kuna nyumba ya mwanamume fulani ambaye binti yake anakaa naye. Alikuja kwa ajili ya mtoto, akakaa mahali anapoweza kukaa bila kujidanganya, na hakukutukana, hakupiga kelele, hakukuanika kwa wazee wa kanisa. Muthoki alikujibu "unajua vizuri," nawe ukaenda kutafuta maelezo kwenye upepo wa Mutomo.

Na sasa tuje kwa mtoto, maana hapo ndipo nilipoacha kucheka. Unasema bibi anasahau. Mtu anayesahau hawezi kukujibu kwa wakati, ahadi baada ya ahadi, bila kukosa hata moja. Anakumbuka kuliko wewe. Kwa desturi yenu, kabla ya ntheo kupelekwa, mtoto huhesabiwa wa kwao na mama yake, na kwao na Muthoki mwenye boma anaitwa Nzau. Anapomwita hivyo anakuonyesha mahali mtoto alipo, kwa upole, mbele ya maikrofoni yako. Sasa mtoto yuko Mutomo. Ana majina mawili: moja unalo wewe huko Salama, na jingine linatumiwa na kila mtu anayemwosha, anayemlisha na kumbeba. Umri huo ndio watoto huanza kugeuza kichwa wakiitwa. Wako anageuka akiitwa nani? Hili ndilo ulipaswa kuniuliza, nawe umeniuliza habari za dirisha la mbao.

Sikulaumu kwa kupenda muziki. Najua mtu anayetengeneza simu za wengine kutwa anavyotamani kitu kimoja chake, na kujifungia stooni na trei za mayai si dhambi, kuna waume wanaojifungia mahali pabaya zaidi. Kosa lako ni kwamba kuahidi kumekuwa kutamu kuliko kutimiza. Ukiimba nyota, watu wanapiga makofi siku hiyohiyo. Ukipeleka mbuzi, unakaa juani na wazee, unaulizwa maswali, hakuna anayekurekodi. Mbuzi wenyewe wala hukuambiwa ununue! Baba yako amewatenga, anawalisha, anakupigia simu kama mtu anayebembeleza deni lake mwenyewe, na wewe unamwambia asubiri albamu. Eti ukiwa na jina utapokelewa tofauti. Jina unalo tayari. Unajua wanakuitaje kule Mutomo? Fikiria wimbo wako mwenyewe, utajua.

Lile la redioni limenikasirisha kweli. Msanii chipukizi ambaye umemlea mwenyewe! Mama aliyekulelea mke na sasa anakulelea mtoto. Piga simu kwenye kituo hicho, omba dakika moja, useme hewani kwamba sauti ile ni ya mzazi wa mke wako, kwamba hakujua anarekodiwa, na kwamba ulisema uongo. Jina usilitaje, hilo endelea nalo vilevile. Mtangazaji akitaka mzaha, mwache afanye mzaha, wewe sema maneno yako umalize.

Mwandalizi wa Wote mwambie hapana. Usimwambie labda, usimwambie uko kwenye mazungumzo. Akikuhitaji atakungoja, na asipokungoja basi hakukuhitaji wewe, alimhitaji bibi, na bibi hauzwi. Wimbo usiuweke tena kwenye status yako. Hautarudi, najua, umeshatawanyika, lakini angalau usiwe wewe unayeuendeleza. Na hilo dirisha la mbao, nakuomba kwa heshima zote, usimtajie mtu mwingine yeyote duniani.

Kisha funga kibanda, nenda Kanyangi. Usimpigie baba simu, nenda mwenyewe ukae naye. Mwambie umekawia bila sababu, na usimtolee sababu. Yeye ndiye atachagua siku na wazee wa kwenda nao, na yeye ndiye atatuma mtu wa kupeleka habari Mutomo kwa njia inayofaa, kwa sababu mambo haya hayapelekwi kwa ujumbe wa simu. Mkifika, wewe huna kazi ya kuongea. Wazee watakusemea. Mzee Nzau anaweza kukuacha umesimama kidogo, na pengine atakuwa na maneno makali, na pengine kijana mmoja wa pale atakuimbia wimbo wako usoni. Meza. Gitaa libaki Salama, na simu ibaki mfukoni ikiwa imezimwa, nisije nikasikia ntheo yako kwenye redio.

Yote haya ni ya kumtuliza mama mkwe, na nikuambie ukweli, yeye si wa kuogopa. Mama anayeuliza mbuzi wako wapi ni mama ambaye bado anataka uwe mkwe wake. Angekuwa amekukatia tamaa angekunyamazia.

Ndiyo sababu nimeusikiliza wimbo wako tena, nikimtafuta Muthoki. Jina lake liko kwenye kila ubeti. Bibi anasikika, mtoto anasikika akigutuka, hata kuku wako wanasikika. Muthoki hakohoi. Naye hana nthoni na wewe, Kitheka. Hahitaji kupitishia neno kwa mtoto wala kuku, anaweza kukuambia uso kwa uso, na wakati mmoja nina hakika alikuwa akikuambia. Sasa anasema wako sawa na kukata simu.

Kwa hivyo kabla ya redio, kabla ya Kanyangi, mpigie yeye leo. Usimtajie wimbo, usimtajie Wote. Usimtangazie kwamba mbuzi wanakuja, hiyo itakuwa ahadi nyingine juu ya zile. Muulize kama bado anataka waje.

Halafu usiseme kitu. Mwache ajibu yeye, hata akichelewa, na hata jibu likiwa hapana.

Bi Nasima